Uliza Mwalimu wa Ubongo: Kwa nini lifungwe jicho zima?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Kijana wangu ana miaka mitano, yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea. Mwezi uliopita mwalimu wake aliona anainamisha kichwa kila anaposoma ubaoni, nikampeleka kliniki ya macho. Alipewa miwani, nikaambiwa jicho lake la kushoto ni jicho vivu. Kisha wakasema nimbandike plasta kwenye jicho la kulia, lile zima, kwa muda wa saa mbili kila siku! Mama mkwe hataki hata kusikia. Anasema nitaliua jicho moja lililobaki. Mtoto naye analia na kujigonga kwenye meza. Kinachonichanganya zaidi, daktari alisema jicho lenyewe la kushoto halina kidonda wala ugonjwa wowote. Sasa ugonjwa uko wapi?
Mama wa mtoto mmoja, Umoja

JIBU: Mama, mbandike. Kabla sijaeleza lolote nakuomba hivyo: mbandike leo, mbandike na kesho, na muda uwe ule ule ulioandikiwa, usipungue wala usizidi.

Ugonjwa uko kisogoni. Weka kiganja nyuma ya kichwa cha mwanao, pale anapolalia mto. Ndani ya mfupa huo kuna sehemu ya gamba la ubongo yenye unene wa milimita mbili hivi, na hapo ndipo habari zinazotoka machoni huanza kusomwa kama mistari, kingo na maumbo. Jicho la kushoto linatuma habari zake kila siku, ila zikifika kule hazipati nafasi, kwa sababu nafasi imeshachukuliwa na jicho la kulia.

Swali lako nililiuliza mimi mwenyewe miaka mingi iliyopita. Tulikulia Makadara, na kaka yangu mdogo alikuwa na makengeza tangu utotoni. Akitumwa kumimina chai, nusu ilimwagika pembeni ya kikombe. Alichapwa mara nyingi kwa uzembe. Mimi pia nilimkasirikia, maana ndiye niliyepangusa meza. Hakuna aliyejua kwamba mtu anayeona kwa jicho moja tu hukosa kipimo kile cha umbali ambacho ubongo hukipata kwa kulinganisha picha za macho mawili. Alipokuwa na miaka mitano mama alimpeleka zahanati moja, akaambiwa mtoto akikua jicho litanyooka lenyewe. Alipofika hatimaye kwa daktari wa macho alikuwa na miaka kumi na minne. Upasuaji ulilinyoosha jicho, likakaa vizuri usoni, lakini herufi za ubaoni halikuzisoma. Nikamuuliza daktari: kama jicho ni zima, ugonjwa uko wapi? Akagusa kisogo chake. Nilikuwa nasomea hisabati wakati huo, na jibu lile likanitoa kwenye njia niliyokuwa nimeipanga.

Sasa sikiliza jinsi tulivyolijua jambo hili. Mwaka 1958, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, David Hubel na Torsten Wiesel walikuwa wakisikiliza umeme wa seli moja moja kwenye ubongo wa paka. Walimwonyesha paka kidoa cheusi kwenye kipande cha kioo, na seli haikujali. Baada ya saa nyingi, walipokuwa wakiingiza kioo kwenye mashine, seli ikaanza kulia mfululizo. Haikuwa kidoa. Ulikuwa ukingo wa kioo, uliotupa kivuli cha mstari kikipita mbele ya jicho kwa mwelekeo fulani. Seli ile ilitaka mstari, tena wenye mwinamo wake. Kazi iliyoanzia hapo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Miaka michache baadaye wakafanya jaribio ambalo hadi leo nalieleza kwa uzito moyoni, kwa sababu ni viumbe hai waliolilipia. Walimfunga mtoto wa paka jicho moja kwa wiki kadhaa. Walipolifungua, jicho lilikuwa salama, lakini kule kisogoni karibu seli zote zilikuwa zimehamia upande wa jicho lililoachwa wazi. Paka aliyekwisha komaa alipofanyiwa vivyo hivyo, hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo kuna kipindi nyeti, na kinapita.

Halafu, mwaka 1965, likaja jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa swali lako. Walifunga macho yote mawili. Ungetarajia madhara yawe maradufu. Lakini seli nyingi zilibaki zikiitikia macho yote mawili, ingawa si kwa ubora wa kawaida. Fikiri hapo kidogo, mama. Kama tatizo lingekuwa tu kukosa mwanga, kufungwa mawili kungeharibu zaidi ya kufungwa moja. Kinachomaliza jicho ni kuwekwa gizani wakati mwenzake anafanya kazi. Ni mashindano.

Hesabu yake naweza kukuandikia mgongoni mwa risiti. Chukua seli moja ya kisogoni. Inapokea uzi mmoja kutoka jicho la kulia na mwingine kutoka la kushoto, na ina shilingi 100 tu za nguvu za kuwagawia. Siku ya kwanza wa kulia ana 52, wa kushoto ana 48 (nambari hizi ni za mfano). Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Kanada, Donald Hebb, alipendekeza kanuni hii: uzi unaochangia kuiwasha seli huimarishwa. Mwenye 52 anaisukuma seli kidogo zaidi, kwa hiyo seli huwaka zaidi anapowaka yeye, kwa hiyo ndiye anayeongezewa. Na kwa kuwa mfuko ni ule ule, kinachoongezwa kwake kimetolewa kwa mwenzake. 52 inakuwa 55, inakuwa 65, inakuwa 90. Mwanao hakuwa na kosa lolote. Jicho moja lilileta picha yenye ukungu kidogo, likaanza safari na 48.

Makengeza hufika pale pale kwa njia nyingine. Macho yanatazama vitu viwili tofauti, nyuzi zake haziwaki pamoja, basi seli haziwezi kuwatumikia mabwana wawili. Kila seli huchagua mmoja. Kikombe cha kaka yangu kilikuwa kikisubiri seli zinazosikiliza macho yote mawili kwa pamoja, na hakuwa nazo za kutosha.

Ndiyo maana plasta inakwenda kwenye jicho zima. Si kwamba unaliadhibu, wala hulipumzishi. Unamzuia tajiri asiende sokoni kwa saa mbili ili maskini afanye biashara. Miwani nayo ivaliwe wakati huo huo, maana jicho dhaifu likipewa nafasi huku linaleta ukungu, halitanunua kitu.

Kuhusu saa zenyewe: mwaka 2003 utafiti wa Marekani uliwalinganisha watoto wa chini ya miaka 7 wenye uvivu wa jicho wa kiasi cha wastani. Kundi moja lilifungwa saa 2 kwa siku, lingine saa 6, na baada ya miezi 4 macho yalikuwa yameboreka sawa. Wako wanaotiwa tone la atropini kwenye jicho zima badala ya plasta, ili lione ukungu kwa karibu. Mtoto akiigomea plasta kabisa, muulize daktari wako juu ya tone hilo. Usilinunue mwenyewe.

Mama mkwe wako nisingependa adharauliwe, kwa sababu hofu yake ina mbegu ya ukweli. Jicho zima likifungwa kupita kiasi kwa mtoto mdogo, mizani inaweza kuelemea upande wa pili. Hatari hiyo si ya kila siku, lakini ndiyo inayofanya urudi kliniki kila tarehe uliyopewa, macho yote mawili yapimwe. Mwambie hivyo kwa heshima. Kisha mpe kazi: zile saa mbili akae na mjukuu wake kwenye sinia la mchele, wachague mawe pamoja. Kazi ya karibu, yenye vitu vidogo, inalilazimisha jicho dhaifu kutafuta. Na wakati huo mtoto asikimbie kwenye ngazi za ploti. Siku za kwanza ataona vibaya kweli. Analia kwa sababu kwa saa hizo mbili anaishi na jicho ambalo ubongo wake haujaliamini. Mkumbatie, lakini plasta ibaki.

SWALI: Mwalimu, ulipokuja kutuhutubia chuoni ulisema wewe ni mtafiti wa ubongo lakini hujawahi kugusa ubongo, unatumia karatasi na kompyuta. Nasomea hisabati, mwaka wa tatu, na nyumbani wananiuliza nitaajiriwa wapi. Kuna nini cha kukokotoa kwenye ubongo? Na mkishakokotoa, mnajuaje kama ni kweli?
Mwanafunzi, Ngara

JIBU: Mwanangu, umeuliza maswali mawili, na la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Soma kwanza nilivyomjibu mama wa Umoja. Hesabu ile ya shilingi 100 ina tundu. Ukiiacha ijiendeshe, jicho moja huchukua kila kitu, kwenye kila seli. Lakini ukitazama gamba la ubongo wa binadamu unakuta mistari: ukanda wa jicho la kulia, ukanda wa la kushoto, kila mmoja upana wa karibu milimita moja, kama mgongo wa pundamilia. Nani aliichora? Mwaka 1989 Kenneth Miller, pamoja na mwanahisabati Joseph Keller na mtafiti wa maabara Michael Stryker, walionyesha kwamba si lazima awepo mchoraji. Unahitaji kanuni ya Hebb, mfuko usiokua, seli jirani zinazowaka pamoja katika jicho lile lile, na ujirani ndani ya gamba lenyewe ambapo wa karibu husaidiana. Toa nguvu za jicho moja kwenye nguvu za lingine, andika mlinganyo wa tofauti hiyo, tafuta ni wimbi lipi linalokua haraka kuliko mengine. Wewe wa mwaka wa tatu unajua kasi hizo za kukua zinaitwa thamani za aigeni (eigenvalues). Wimbi linaloshinda ndilo mistari, na upana wake unatokana na umbali ambao majirani wanafikiana. Nilipoifanya hesabu hiyo mara ya kwanza kwa mkono wangu niliinuka kwenye kiti nikazunguka chumba.

Mnajuaje kama ni kweli? Nadharia inadai kitu kinachoweza kukanushwa. Hapa dai ni kwamba kinachochonga ni mpangilio wa umeme wa nyuzi. Basi uzime umeme huo. Stryker na William Harris walikuwa wameshafanya hivyo mwaka 1986: waliwatia watoto wa paka dawa inayonyamazisha retina zote mbili, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mistari haikujitenga. Kisha mtu akauliza, na haki yake, je, kiumbe ambaye bado hajafumbua macho hupata wapi umeme wenye mpangilio? Mwaka 1991 Carla Shatz na wenzake walionyesha kwamba retina changa, gizani, hupitiwa na mawimbi, seli jirani zikiwaka kwa pamoja. Jicho hufanya mazoezi kabla ya kuona.

Hayo ni ya jinsi nyaya zinavyofungwa. Mimi siku hizi nashughulika zaidi na jinsi zinavyofanya kazi zikishafungwa, na hapo pana jambo ambalo wengi hawalitarajii. Ukihesabu viungo vichochezi, yaani mahali seli moja inapoisukuma nyingine iwake, vinavyoishia kwenye seli za tabaka la nne la gamba, lile linalopokea habari za macho, takriban moja kati ya kumi au pungufu ndivyo vinavyotokea kwenye kituo kinacholeta habari hizo. Vilivyobaki vingi ni vya gamba kuzungumza na gamba. Kuona, kwa sehemu kubwa, ni mazungumzo ya ndani.

Mazungumzo ya namna hiyo ni ya hatari. Umewahi kuwa kwenye mkutano wa injili Uhuru Park, mhubiri akasogea karibu na spika? Sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maikrofoni, inatoka kubwa zaidi, na kufumba na kufumbua uwanja mzima unapigwa na mlio. Seli zinazochocheana ziko katika hali hiyo muda wote. Kinachozuia ni seli nyingine, kama moja kati ya tano, ambazo kazi yake ni kutuliza. Nazo seli hizo za kutuliza hupata msukumo wao kutoka kwa zile zile chochezi zinazotulizwa nazo. Andika milinganyo miwili tu, mmoja wa vichochezi, mmoja wa vitulizaji, utapata jibu la ajabu: ukivisukuma vitulizaji viwake zaidi, mwishowe vinawaka kidogo kuliko mwanzo. Vimewanyamazisha waliokuwa wakivilisha. Niliposoma hivyo mara ya kwanza niliamini kuna alama ya kutoa imesahaulika. Lakini mwaka 2009 Miller na wenzake, akiwemo David Ferster wa maabara, walitoa vipimo vya seli za paka zikionyeshwa picha inayokandamiza jibu lake. Uchocheaji ulikuwa umeshuka, na utulizaji nao ulikuwa umeshuka, kama mlinganyo ulivyodai.

Kutoka hapo Miller na wenzake wengine wakaenda mbali zaidi. Seli ya gamba haijibu kwa mstari ulionyooka: ukiiongezea msukumo maradufu, jibu linaweza kuwa kama mara nne. Picha ikiwa hafifu, mtandao umetulia, majirani wanasaidiana na jibu linazidi jumla. Picha ikiwa kali, utulizaji unashika usukani na jibu linakuwa chini ya jumla. Saketi ni ile ile, haijabadilishwa waya hata mmoja, lakini gizani inakusanya na mwangani inabana. Makala yao ya mwaka 2015 inaeleza kwa kanuni hiyo moja matokeo ambayo wengine walikuwa wakiyatafutia maelezo tofauti tofauti. Ndiyo sababu naipenda. Bado kuna mambo haigusi vizuri, hasa pale seli za utulizaji zinapogawanyika katika aina kadhaa, kila moja na tabia yake, na kazi hiyo iko wazi kwa kijana mwenye kalamu.

Kuhusu ajira, sitakupamba kwa maneno. Njia ni ndefu na nafasi hapa nyumbani ni chache. Mimi hufundisha hisabati ili nile, na jioni nafanya ubongo. Jifunze aljebra ya mistari hadi uiote, jifunze kuandika programu, na ukae na daktari wa macho au wa neva walau siku moja kwa mwezi, kwa sababu nimeona wana nadharia wakipotelea kwenye milinganyo mizuri isiyomhusu mtu yeyote. Kompyuta kubwa hutaihitaji kwa kuanzia. Mistari ya mwaka 1989 inatoka kwenye laptopu ya mtumba wa Moi Avenue kwa muda wa chai moja.

SWALI: Mimi ni fundi cherehani hapa Gikomba, nina miaka 46. Jicho langu la kulia ni vivu tangu utoto, hakuna aliyelishughulikia. Kuna kijana ameniuzia programu ya simu ya mazoezi, anasema nitaona sawa kwa miezi mitatu. Je, nimechelewa?
Fundi, Gikomba

JIBU: Ndugu yangu, kwa ile ahadi ya miezi mitatu, usiongeze senti nyingine.

Mlango haufungwi siku moja. Watoto wa miaka 7 hadi 12 walipopewa plasta, atropini na kazi za karibu pamoja na miwani, zaidi ya nusu walipata nafuu ya kuonekana, na utafiti huo ulitangazwa mwaka 2005. Baada ya hapo unazidi kuwa mzito. Kwa watu wazima, mazoezi ya maabara yameleta nafuu kwa baadhi, nyingi ndogo, na mimi sijaona ushahidi wa kunifanya nikwambie utasoma kwa jicho hilo kama la pili. Pamoja na hayo, madaktari wamewaona watu wazima waliopoteza jicho zima kwa ajali au ugonjwa, kisha lile vivu likaamka kiasi. Mpinzani ameondoka, na nyuzi zilizonyamazishwa miaka mingi zikapata pa kusemea. Hilo linaniambia kwamba hazikufa.

Kwa hiyo nenda ukapimwe macho yote mawili. Inawezekana jicho hilo halijawahi kupewa miwani yake hata siku moja. Na lile linalokulisha ulilinde. Sindano ya cherehani ikikatika huruka, nawe una jicho moja la kutegemea. Kaka yangu niliyemtaja huko juu sasa ni fundi wa kuchomelea vyuma Kamukunji. Nilimnunulia miwani ya kazi, ya plastiki ngumu yenye kinga za pembeni, akawa anaivaa kichwani kama kofia. Mwaka jana cheche ilimchoma kope. Siku hizi anaishusha machoni kabla hajawasha stima, na kijana wake wa kazi haruhusiwi kuingia kibandani bila ya kwake.